Mhariri ni wa nani? Padri André Sibomana na gazeti la Kinyamateka nchini Rwanda

Septemba 1990, siku chache kabla ya vita kuzuka nchini Rwanda, padri wa Kanisa Katoliki alifikishwa mahakamani pamoja na waandishi wenzake watatu. Makala walizochapisha zilikuwa zimewagusa watu wenye madaraka na kueleza namna mali ya umma ilivyotumika. Hawakuomba radhi. Walikuja na ushahidi wa walichokiandika, na kesi ikamalizika kwa wao kuachiwa huru. Mwezi huohuo Papa Yohane Paulo II alikuwa ameizuru nchi hiyo, ambayo wakati huo ilihesabiwa miongoni mwa nchi za Kikatoliki zaidi barani Afrika.

Padri huyo aliitwa André Sibomana. Gazeti alilolihariri ni Kinyamateka, gazeti kongwe kuliko yote yaliyoandikwa kwa Kinyarwanda. Jina lake lina mzizi wa neno amateka, yaani historia au mambo yaliyopita.

Miaka mingi imepita tangu Sibomana alipofariki, Machi 1998, lakini swali lililomwandama maisha yake yote halijapoteza nguvu. Mjini Kigali, kama ilivyo Bukavu, Bujumbura au katika jumuiya za wakimbizi walio ughaibuni, habari haipokelewi kabla ya kujulikana aliyeileta. Ni wa dini gani? Kwao ni wapi? Nani anamlipa mshahara? Wapo wanaoyaona maswali hayo kuwa ni umbea. Hata hivyo yana asili yake: watu wa eneo hilo wamewahi kuona magazeti na redio vikitumika kuwaua majirani zao. Kwa hiyo msikilizaji anayetaka kumjua mhariri kabla ya kumwamini ana haki ya kufanya hivyo. Jambo gumu ni kujua achunguze nini hasa.

Gazeti la parokiani

Kinyamateka lilianzishwa mwaka 1933 huko Kabgayi, makao ya kimisionari yaliyo katika eneo la Gitarama, kusini magharibi mwa Kigali. Katika miaka ya 1940 lilihaririwa na Padri Alexis Kagame, mshairi na mwanahistoria ambaye kazi zake kuhusu ufalme wa Rwanda zinasomwa hadi leo. Katika miaka ya 1950 kiti hichohicho kilikaliwa na Grégoire Kayibanda, mlei aliyepata elimu yake seminarini. Kayibanda alilitumia gazeti hilo kueneza madai ya kisiasa ya Wahutu, akaongoza chama cha Parmehutu, na mwaka 1962 akawa rais wa kwanza wa Rwanda huru. Kiti cha mhariri wa Kinyamateka, basi, hakikuwa kiti cha pembeni. Aliyekikalia aliweza kutengeneza historia au kuivuruga.

Nguvu ya gazeti hilo ilitokana na njia lilizopitia. Redio ya taifa ilikuwa mali ya serikali, na kwa muda mrefu haikuwa na mshindani ndani ya nchi. Kinyamateka lilisafiri kwa njia nyingine kabisa: kutoka parokia moja hadi nyingine, mikononi mwa mapadri na makatekista, hadi vilimani ambako gari halikufika. Nakala moja ilisomwa na wengi, na wasiojua kusoma walisomewa. Njia hiyohiyo ndiyo iliyorudisha habari Kigali. Njaa ilipoingia kijijini, au kiongozi wa komini alipojitwalia shamba la mjane, padri wa mahali hapo alijua mapema kuliko mwandishi yeyote aliyeketi mjini. Wakati njaa ilipoikumba sehemu ya kusini ya nchi mwaka 1989 na serikali ikasita kuikiri hadharani, Kinyamateka liliiandika.

Lakini kamba iliyomfunga mhariri na waumini ilimfunga pia na wakubwa wa Kanisa, na wakubwa hao walikuwa karibu mno na dola. Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikuwa kwa miaka mingi mjumbe wa Kamati Kuu ya MRND, chama pekee cha siasa kilichoruhusiwa. Gazeti la Kanisa lililomkosoa waziri lilikuwa linakosoa watu wanaokula meza moja na askofu mkuu. Mtangulizi wa Sibomana, Padri Silvio Sindambiwe, aliionja hali hiyo. Alilazimika kuondoka kwenye uhariri kutokana na shinikizo, na Novemba 1989 akafa katika ajali ya barabarani ambayo Wanyarwanda wengi hawakuamini kuwa ni ajali. Wakati huo Sibomana alikuwa ameshika kazi hiyo kwa takriban mwaka mmoja. Hakuhitaji kuelezwa maana ya tukio hilo.

Mtoto wa kilima cha Masango

Sibomana alizaliwa mwaka 1954 katika eneo la Masango, Gitarama, si mbali na Kabgayi. Alipata upadrisho mwaka 1980, kisha akapelekwa Lyon, Ufaransa, kusomea uandishi wa habari. Aliporudi, mwaka 1988, alikabidhiwa Kinyamateka.

Kwa mujibu wa vitambulisho vya enzi hizo, ambavyo viliandikwa kabila la kila raia, Sibomana alikuwa Mhutu kutoka eneo la kati. Jambo hilo lilikuwa na uzito wake. Utawala wa Habyarimana uliwapendelea watu wa kaskazini, hasa wa Gisenyi na Ruhengeri, na watu wa Gitarama walikumbuka kwamba Kayibanda, mtu wa kwao, alipinduliwa mwaka 1973. Ingekuwa rahisi kumwona Sibomana kama sauti ya watu wa Gitarama wenye kinyongo, na wapo waliomwona hivyo. Kilichobatilisha tafsiri hiyo ni orodha ya watu aliowatetea. RPF iliposhambulia kutoka Uganda tarehe 1 Oktoba 1990, serikali iliwakamata maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, kwa madai kwamba ni ibyitso, yaani vibaraka wa adui. Sibomana alikuwa miongoni mwa Wanyarwanda waliosema waziwazi kwamba watu hao wamefungwa bila kosa.

Katika kipindi hicho yeye na wenzake walianzisha ADL, chama cha kutetea haki za binadamu na uhuru wa raia, na baadaye akawa mwenyekiti wake. Kazi ya ADL ilikuwa ya kuchosha na isiyo na mbwembwe. Wanachama wake walikwenda mahali palipotokea mauaji, wakawauliza walionusurika, wakaandika majina ya waliokufa na ya waliotajwa kuwa wauaji. Ripoti zake zilizotolewa mwishoni mwa 1992 na 1993 ni miongoni mwa kumbukumbu muhimu za miaka hiyo, kwa sababu zinaonyesha kwamba mauaji ya Watutsi katika maeneo kama Bugesera hayakuwa hasira za ghafla za wanakijiji. Yalikuwa na watu walioyapanga.

ADL na vyama vingine vya Rwanda vilisaidia pia kuleta tume ya kimataifa ya uchunguzi iliyoizuru nchi Januari 1993. Mara tu wachunguzi hao walipoondoka, mauaji yalizuka tena kaskazini magharibi. Ripoti yao ilichapishwa Machi mwaka huo, mwaka mmoja na mwezi mmoja kabla ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Dunia, kwa maneno mengine, ilikuwa imeambiwa.

Hapa ndipo imani ya Sibomana inapoonekana, na inafaa kuitazama katika matendo yake kuliko katika mahubiri. Alikuwa padri aliyetii Kanisa lake bila kukubali kwamba utii huo unamlazimisha kunyamaza. Mtu aliyeuawa alikuwa na jina, na jina hilo lilipaswa kuandikwa, awe Mtutsi wa Bugesera, Mhutu wa upinzani au mfungwa asiye na wakili. Katika nchi ambayo kila mtu alihesabiwa kwanza kama sehemu ya kundi, msimamo huo peke yake ulitosha kumfanya mtu awe mpinzani.

Amka na amsha

Sibomana hakuwa mhariri pekee aliyejulikana nchini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwapo gazeti huru lililoitwa Kanguka, maana yake amka, chini ya uhariri wa Vincent Rwabukwisi. Mei 1990 likatokea jingine lenye jina linalofanana nalo makusudi: Kangura, maana yake amsha. Mhariri wake alikuwa Hassan Ngeze, mzaliwa wa Gisenyi, ambaye hapo awali alikuwa amelifanyia kazi Kanguka katika mji huo. Desemba 1990 Kangura lilichapisha zile zilizoitwa Amri Kumi za Wahutu, ambazo zilimtaja kila Mtutsi kuwa adui na kila Mhutu aliyeoa, aliyeajiri au aliyeshirikiana naye kibiashara kuwa msaliti. Julai 1993 ikaanza kusikika redio ya RTLM, iliyoufikisha ujumbe wa namna hiyo kwa watu wasiosoma magazeti.

Kwa wasikilizaji wa Kiswahili kisa cha Ngeze kina uchungu wake wa pekee, kwa sababu alikuwa Mwislamu, mtoto wa mji wa mpakani ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya msikitini. Waislamu wa Rwanda, ambao kwa desturi huitwa Waswahili hata wale wasiojua asili nyingine zaidi ya vilima vya nchi hiyo, walihesabiwa kwa muda mrefu kama wageni. Wa kwanza walikuja na misafara ya biashara na utawala wa Wajerumani, wakakaa mijini, na jijini Kigali mitaa yao ikawa Biryogo na Nyamirambo. Waliishi kando ya mfumo ulioziunganisha shule, Kanisa na serikali. Mwaka 1994 wengi wao waliwaficha majirani zao wa Kitutsi, na sifa hiyo imebaki katika simulizi za Nyamirambo hadi sasa.

Jumuiya hiyohiyo ndiyo iliyomlea mhariri wa Kangura. Vivyo hivyo, Kanisa lililomlea Sibomana lilikuwa na mapadri waliowafungulia wakimbizi milango na wengine waliowakabidhi kwa wauaji. Anayetaka kumpima mhariri kwa kutazama anakosali hatapata kipimo hapo. Mambo yanakuwa magumu zaidi ukizingatia kwamba Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda mjini Arusha, iliyomtia Ngeze hatiani Desemba 2003, ilikiri katika hukumu hiyohiyo kwamba aliwaokoa baadhi ya Watutsi kwa kuwavusha mpaka. Aliwajua, bila shaka. Wale asiowajua aliwaachia maandishi ya gazeti lake. Baada ya rufaa ya Novemba 2007 alibaki na kifungo cha miaka 35.

Tofauti ya wahariri hao wawili haikuwa kwamba mmoja alikuwa na jumuiya na mwingine hana. Wote wawili walikuwa watu wa mahali, wenye marafiki, waumini wenzao na wafadhili. Ngeze aliwaambia watu wa kundi lake walichotaka kukisikia, akawapa adui. Sibomana aliwaambia watu wake habari za watu wake mwenyewe: serikali iliyodai kuwawakilisha Wahutu, Kanisa lililodai kuwa la wote. Kipimo hicho, yaani mhariri anawaandika vipi walio karibu naye, kinafaa zaidi kuliko kitambulisho, ingawa kukitumia kunahitaji subira, kwa maana toleo moja la gazeti halitoshi.

Aprili na baada yake

Ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, Sibomana alikuwa miongoni mwa watu waliotafutwa. Waandishi wa habari waliojitegemea waliuawa kuanzia siku za mwanzo. Rwabukwisi wa Kanguka aliuawa mwezi huohuo wa Aprili, na André Kameya, mhariri wa gazeti la Rwanda Rushya, akauawa baadaye. Orodha ya waandishi waliopoteza maisha katika miezi hiyo mitatu ina majina kwa makumi. Sibomana alifanikiwa kutoka Kigali, akarudi eneo la kwao Gitarama na kujificha huko. Yale mafungamano ya kijijini, ambayo msomaji wa mjini angeweza kuyatilia shaka, ndiyo yaliyomsitiri.

Kabgayi yenyewe ilikuwa imejaa maelfu kwa maelfu ya watu waliokimbilia hapo, na Watutsi walichukuliwa kutoka humo na kuuawa hadi RPF ilipoingia tarehe 2 Juni. Siku tatu baadaye, mahali panapoitwa Gakurazo, askari wa RPF waliwaua maaskofu watatu, akiwemo Askofu Thaddée Nsengiyumva wa Kabgayi na Askofu Mkuu wa Kigali, pamoja na mapadri kadhaa. Jimbo kongwe la Kikatoliki nchini likabaki bila kiongozi. Mwishoni mwa mwaka huo Sibomana aliteuliwa kulisimamia kwa muda, jukumu alilokuwa nalo hadi 1996. Mwaka 1994 pia alipewa tuzo ya shirika la kimataifa la Waandishi Wasio na Mipaka.

Mtu mwingine angeridhika. Alikuwa amenusurika, ana heshima nje ya nchi, na serikali mpya ilikuwa imewaangusha waliotaka kumuua. Alilifufua Kinyamateka na kuendelea kuandika kama zamani, na hapo ndipo alipoanza kupoteza marafiki kwa mara ya pili.

Jambo lililomletea lawama nyingi zaidi ni magereza. Mwaka 1995 gereza la Gitarama, lililojengwa kwa ajili ya mamia ya wafungwa, lilikuwa na watu zaidi ya 6,000. Palikuwa na watu wanne katika kila mita moja ya mraba. Walisimama mchana na usiku katika tope na uchafu hadi miguu yao ikaoza, na mamia walikufa kabla ya kufikishwa mbele ya hakimu. Wengi wao walituhumiwa kushiriki mauaji ya kimbari. Miongoni mwao walikuwamo wauaji, na walikuwamo waliosingiziwa na jirani aliyetamani nyumba au shamba. Sibomana, ambaye jamaa na wenzake wa kazi walikuwa wameuawa, alisema hadharani kwamba hali hiyo haikubaliki. Alisema pia kwamba askari wa jeshi lililoshinda nao waliwaua raia, na kwamba vifo hivyo vilistahili kuchunguzwa.

Kwa manusura waliokuwa bado hawajawazika ndugu zao, maneno hayo yalikuwa mazito. Hofu yao ilikuwa na msingi: wapo waliotumia habari za makosa ya RPF ili kuyapunguza mauaji ya kimbari, kana kwamba kosa moja linafuta jingine. Sibomana hakuwa mmoja wao. Alishikilia kwamba mauaji ya kimbari yalipangwa, yalitekelezwa na serikali, na lazima waliohusika wahukumiwe. Alikataa tu kwamba ukweli huo ufunge mjadala kuhusu mambo mengine. Kabla ya 1994 aliitwa kibaraka wa RPF. Baada ya 1994 alishutumiwa kwamba anawatetea wauaji. Mwandishi anayetukanwa na pande mbili si lazima awe na haki, maana inawezekana kukosea pande zote. Kwa Sibomana, hata hivyo, mtu anaweza kurudi kwenye ripoti na kurasa za gazeti, akakuta swali lilelile likiulizwa kabla na baada ya vita: nani ameuawa, na nani aliyeamuru?

Mawazo yake yalikusanywa katika kitabu cha mazungumzo kilichotolewa Ufaransa mwaka 1997, ambacho tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1999, yeye akiwa ameshafariki. Humo anazungumza kuhusu matumaini, lakini ni matumaini ya mtu aliyehesabu maiti.

Alipomaliza usimamizi wa jimbo alirudi kuhudumu Muyunzwe, parokia ya vilimani katika eneo la kwao. Mwanzoni mwa 1998 aliugua, na matibabu aliyohitaji hayakupatikana nchini. Aliomba pasipoti ili akatibiwe ng'ambo. Kwa mujibu wa mashirika ya kimataifa ya kutetea haki za binadamu na uhuru wa habari, mamlaka za Rwanda hazikumpa hati hiyo. Alifariki tarehe 9 Machi 1998, akiwa na umri wa miaka 43.